Mikwaruzo ya Mississippi John Hurt haikutoka studio

Wengi wanaosikiliza nyimbo za mwaka 1928 za Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, zilizotolewa upya huamini kwamba kampuni ilifungua kabati, ikatoa mkanda asilia na kuusafisha. Hakukuwa na mkanda. Studio za Marekani zilianza kutumia mikanda ya sumaku mwishoni mwa miaka ya 1940. Hurt aliporekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Okeh, mjini Memphis na kisha New York, sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta, na humo zikatoka kalibu za chuma za kukandamizia santuri.

Kwa hiyo matoleo mengi ya leo yamenakiliwa kutoka santuri zilizonusurika majumbani mwa watu. Mikwaruzo unayoisikia si ya chumba cha kurekodia. Maikrofoni za umeme zilikuwepo tangu 1925, na zilinasa vizuri. Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe, na sindano za chuma zikazila kila zilipopigwa.

Ndiyo maana simwamini anayesifu toleo kwa sababu tu halina kelele. Mashine ikifuta mvumo wote, hufuta pia mlio wa vidole kwenye nyuzi za gitaa. Msikilize Hurt: kidole gumba kinatembea kwenye besi bila kukosea, vingine vinaimba juu yake. Bora mvumo kidogo, vidole visikike.

Anayetaka sauti safi atafute nyimbo ambazo Hurt, aliyekuwa amesahaulika, alirekodi baada ya kupatikana tena Avalon, Mississippi, mwaka 1963.