Je, wajua kwamba neno "danger" halikuanza na maana ya hatari?

Neno hili limeandikwa kwenye nguzo za umeme, pamoja na picha ya fuvu, sambamba na HATARI. Kwa hiyo nilipokutana na umbo lake la kale, "dangier", katika Roman de la Rose, shairi refu la Kifaransa lililoanzwa na Guillaume de Lorris katika karne ya 13 na kumaliziwa na Jean de Meun, sikuona haja ya kufungua kamusi. Dangier ni mhusika anayelinda waridi, ishara ya mwanamke anayependwa, ambalo kijana mwenye mapenzi anataka kulichuma, nami nikamwita Hatari. Nilikosea, na kwa kosa hilo moja nikaisoma sehemu nzima kinyumenyume, kwani kinachomkuta kijana yule hasa ni kukataliwa.

Asili ya neno ni Kilatini "dominus", yaani bwana, kupitia umbo "dominiarium", ambalo wanaisimu wamelikisia tu. "Dangier" ilikuwa mamlaka ya bwana juu ya watu na mali.

Mfikirie mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi miwili. Mwenye nyumba hajamtolea vyombo nje wala hajapandisha sauti, lakini mpangaji tayari yumo katika "dangier" yake. Mwenye kutoa ndiye pia mwenye kunyima, na hapo ikazaliwa maana ya pili: ugumu, kusitasita, kukataa. Sasa mtazame mpangaji badala ya mwenye nyumba. Hali ni ile ile, ila kwa upande wake inaitwa kuwa karibu na madhara, na polepole neno likahama kutoka kwa mwenye nguvu likakaa kwa anayetishika.

Kiingereza, kilicholipokea neno kutoka Kifaransa, kiliihifadhi maana ya kwanza kwa muda mrefu. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina Mabepari wa Venisi, Portia anamwuliza Antonio kama yumo ndani ya "danger" ya Shylock, mkopeshaji anayemdai, na swali lake linahusu hati ya deni: je, umo mikononi mwake?

Kuhusu Dangier wa shairini, wapo wasomi wanaosema ni ukatazi wa mwanamke mwenyewe, na wapo wanaosema ni jamaa wanaomlinda. Shairi linaruhusu yote mawili, ingawa mimi naegemea upande wa kwanza. Ameumbwa kama mshamba mkubwa, mweusi, mwenye nywele zilizosimama na macho mekundu kama moto, anayechomoka mafichoni na kumfukuza kijana. Hata hivyo akibembelezwa hulegea, jambo ambalo hatari ya kawaida haina desturi ya kulifanya. Baadaye wahusika wengine, Aibu na Hofu, wanamkuta amejilaza chini ya mti wa miiba, rundo la majani likiwa mto wake, ameanza kusinzia, nao wanamkaripia arudi kazini.