Tenisi ya wawili wawili si kimbilio la walioshindwa

Wengi huamini kwamba wanaume wanaocheza tenisi wawili wawili ni wale walioshindwa kutamba mmoja mmoja. Si kweli. John McEnroe aliwahi kuwa namba moja duniani katika aina zote mbili. Mapacha wa Marekani, Bob na Mike Bryan, walitwaa pamoja mataji 119, kati yake 16 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi.

Huu ni ufundi wa aina yake, nao unastahili heshima. Uwanja hupanuka kutoka mita 8.23 hadi 10.97, na anayesimama karibu na wavu anaweza kumlazimisha mpinzani akosee kwa kusogea tu, bila kugusa mpira. Katika mashindano ya kawaida ya ATP, chama cha wanaume wanaocheza tenisi ya kulipwa, ikifika sare ya 40-40, pointi moja huamua gemu, na wanaopokea ndio huchagua nani apokee.