Kurudisha maji ya kimea ni nini?

Mpika bia wa nyumbani hulowesha kimea cha shayiri kilichoparazwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68, akakiacha saa nzima wanga ugeuke sukari. Kisha hufungua koki iliyo chini ya chombo. Jagi la kwanza hutoka zito, lina unga na vipande vya maganda, rangi yake chai ya maziwa. Usilimwage, wala usilipeleke kwenye sufuria ya kuchemshia. Lirudishe juu ya kimea, na linalofuata vilevile, mpaka maji yaanze kutoka maangavu. Huko ndiko kurudisha, na Wajerumani hukuita vorlauf.

Wengi hudhani kinachochuja ni wavu ulio chini ya chombo. Wavu huzuia nafaka isitoke, basi. Chujio ni nafaka yenyewe: maganda ya shayiri hulaliana yakaacha vijia vyembamba, na unga hunasa humo kila maji yanapopita.

Wanywaji wa malwa, pombe ya wimbi ya Uganda, huchuja mwishoni, mdomoni kabisa, kwa mrija wenye kichujio kilichosukwa kwenye ncha, makapi yakabaki chunguni. Bia ya shayiri huchujwa kabla ya kuchemshwa, kwa kuwa maganda yakichemka hutoa ukakasi ule wa ndizi mbichi, na unga huungua chini ya sufuria.

Mimina taratibu juu ya sahani uliyoilaza kwenye kimea. Ukimwaga kwa kishindo utachimba shimo, na maji yatapita hapohapo bila kuchujwa. Koki nayo ifunguke kidogo tu. Ikifunguliwa yote, nafaka hujishindilia na maji hukatika. Likikupata hilo, funga, koroga polepole, subiri dakika 10, anza upya. Kwa bia ya lita 20, kurudisha lita 3 au 4 hutosha mara nyingi. Inua glasi dirishani: usipoona vipande vinavyoelea, endelea na kazi, hata kama kuna ukungu kidogo.

Kwetu Uganda ugumu uko kwenye mtama na wimbi. Nafaka hizi hazibaki na ganda kama la shayiri, hivyo hushikana kama ugali na maji hayapiti. Mimi huchanganya nusu kilo ya makapi ya mpunga, yaliyooshwa vizuri, katika kilo 5 za nafaka. Hayaongezi utamu wala ladha, yanafungua njia tu. Ukienda kwenye mashine ya kukobolea, omba makapi mazima. Pumba laini huziba zaidi.