Je, wajua kwa nini odometa, yaani kifaa kinachohesabu umbali ambao gari limekwenda, huweza kuanza na sifuri kihalali kwenye gari kuukuu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba gari la umri wa miaka kumi lenye odometa inayosoma maili 18,000 limechezewa, na kwamba fundi aliyeiweka odometa hiyo kwenye sifuri amevunja sheria. Nchini Marekani, ambako jambo hili lina sheria ya shirikisho tangu mwaka 1972, nilikuwa nimekosea. Kinachokatazwa ni kurudisha odometa nyuma kwa nia ya kubadili maili. Kubadilisha iliyokufa kunaruhusiwa. Ikiwezekana, mpya huwekwa isome maili zile zile za awali. Isipowezekana, sheria haikubali makisio: lazima ianze na sifuri, na mwenye gari au wakala wake abandike kwenye fremu ya mlango wa kushoto, ambao huko ndio wa dereva, karatasi inayotaja maili za kabla ya matengenezo pamoja na tarehe yake.

Mantiki yake ni ile ya daftari la madeni la duka la mtaani lililolowa maji. Mwenye duka akifungua daftari jipya kwa kiasi anachokikumbuka kichwani, hakuna atakayejua kumbukumbu imeishia wapi na hesabu imeanzia wapi. Akianza na ukurasa mtupu, na juu ya jalada akaandika deni la mwisho lililosomeka na siku yake, kila mtu ataweza kujumlisha mwenyewe. Vivyo hivyo, mlango ukisema 142,300 na dashibodi ikisema 18,450, gari limekwenda maili 160,750.

Au tuseme limekwenda angalau hizo, kwa kuwa maili zilizopita odometa ikiwa imekufa hazikuandikwa popote. Ndiyo maana mwuzaji wa gari kama hilo, anapojaza tamko la maili, huandika namba ya dashibodi kisha hutamka kwamba si maili halisi na kwamba isitegemewe. Kwa magari ya modeli ya 2011 na ya baadaye, wajibu wa kutoa tamko hudumu miaka 20. Kwa yaliyotangulia ulikuwa miaka 10.

Kuibandua karatasi ya mlangoni kwa nia ya kulaghai nako kumekatazwa. Siku hizi alama ya gundi iliyobaki kwenye fremu bila karatasi yake hunitia shaka kuliko sifuri yoyote.