Nani atatia saini? Italia na swali la chama kuwa tayari kutawala

Chama cha populisti, yaani kinachojinadi kuwa sauti ya wananchi dhidi ya watawala wa siku zote, kinapopanda kwenye kura za maoni Ulaya, mjadala huwa ule ule. Wapinzani wanauliza: hawa hawajawahi kuongoza hata kata, wataiweza nchi? Wafuasi wanajibu: wenye uzoefu ndio waliotufikisha hapa. Mimi nafundisha utawala wa umma, hasa fedha za serikali za mitaa, na kadiri ninavyoufuatilia mjadala huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba pande zote mbili zinabishania jambo la pembeni. Uzoefu wa viongozi siku wanapoapishwa ni jambo dogo. Jambo kubwa ni chama kinamfanya nini mtu wake anayejifunza kutawala.

Nasema hivyo kwa sababu ya Italia. Vuguvugu la Nyota Tano lilianzishwa Oktoba 2009 na mchekeshaji Beppe Grillo pamoja na Gianroberto Casaleggio, mfanyabiashara wa mambo ya intaneti. Ndani ya miaka 9 likapita ngazi zote: mji wa wastani, mji mkuu, kisha serikali ya taifa. Baadaye likashuka. Ni nadra kumpata mgonjwa ambaye faili lake zima liko wazi namna hiyo, tangu homa ya kwanza hadi leo.

Tuanze na haki. Mwaka 2016 wapinzani waliposema Vuguvugu halina uzoefu wa kuiongoza Roma, wananchi wa Roma walikuwa na kila sababu ya kuwapuuza. Deni la zamani la jiji lilikuwa kubwa kiasi kwamba tangu 2008 lilitengwa na kukabidhiwa kwa kamishna maalumu. Desemba 2014 uchunguzi mkubwa wa polisi ulifichua mtandao wa zabuni uliowagusa wanasiasa wa kulia na wa kushoto. Oktoba 2015 meya Ignazio Marino aling'olewa baada ya madiwani wengi, wakiwemo wa chama chake mwenyewe, kujiuzulu kwa pamoja. Huo ndio uzoefu waliokuwa wakiunadi. Virginia Raggi, wakili wa miaka 37 aliyekuwa diwani tangu 2013, akashinda duru ya pili tarehe 19 Juni 2016 kwa asilimia 67, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Roma. Ningekuwa mpiga kura wa huko, sioni ningewezaje kumlaumu jirani yangu kwa kura hiyo.

Sasa tazama kilichotokea wiki 10 tu baadaye, maana hapa ndipo utawala unapofanyika kweli.

Raggi alikuwa ameteua mkuu wa ofisi yake, Carla Raineri, jaji kwa taaluma, kwa mshahara wa euro 193,000 kwa mwaka. Magazeti yakaushika mshahara. Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na rushwa ilipoombwa maoni, haikujibu kama mama huyo anafaa au hafai. Ilisema uteuzi ulifanywa chini ya kifungu kisicho sahihi cha sheria ya serikali za mitaa: ilitumika ibara ya 110 pale ilipopaswa kutumika ibara ya 90. Ibara moja inahusu nafasi za uongozi za mkataba ndani ya utumishi wa jiji, nyingine inahusu watumishi wa ofisi binafsi ya kiongozi wa kisiasa. Kwa mwananchi ni tofauti isiyoonekana. Kwa mtu wa utumishi ni jambo la kuulizwa kabla barua ya uteuzi haijachapwa.

Meya akatangaza kupitia mtandao wa kijamii, usiku wa manane, kwamba uteuzi unatenguliwa. Siku hiyo, tarehe 1 Septemba 2016, Raineri akaondoka. Akaondoka pia Marcello Minenna, aliyeshika bajeti ya jiji. Wakafuata wakuu wawili wa shirika la usafiri la jiji, ATAC, na mkuu wa shirika la taka, AMA. Watu watano kwa siku moja, na wanne kati yao wameshika fedha, mabasi na takataka, yaani mambo matatu ambayo Mrumi anayalalamikia kila asubuhi.

Kiti cha bajeti kikakaa wazi karibu mwezi mzima. Jina moja lilitangazwa na kuondolewa ndani ya siku chache. Mwisho alipatikana Andrea Mazzillo, ambaye naye aliondolewa Agosti 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na Gianni Lemmetti aliyeletwa kutoka mji wa Livorno. Katikati ya hayo, Desemba 2016, wakaguzi wa hesabu wa jiji waliikataa rasimu ya bajeti ya 2017. Ikabidi irudi mezani na kupitishwa mwishoni mwa Januari.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Hakuna hata mmoja katika kisa hiki niliyemtaja kwa wizi. Chama kiliahidi uaminifu, na wafuasi wake walikuwa wakiimba neno hilo mitaani. Lakini mkuu wa bajeti anapoondoka, kuna malipo yanayosubiri uamuzi wake, kuna mazungumzo na benki, kuna wakuu wa idara wanaotaka kujua wasimamie takwimu ipi. Wote wanasimama. Jiji haliporomoki kwa kishindo. Linachelewa. Barabara haizibwi viraka, basi halipati kipuri, na mwananchi anaona tu kwamba mambo hayaendi. Uaminifu wa meya haukuweza kuliziba pengo hilo, kwa sababu uaminifu ni sharti la kuingia ofisini, nayo kazi ya ofisini inataka elimu yake yenyewe.

Hata hivyo, Lemmetti aliyeletwa na ule mkanganyiko hakuwa wa kubeza, na sababu yake ina uzito katika hoja yangu. Livorno ilikuwa chini ya Vuguvugu tangu 2014, na pale walikuwa wamelipeleka shirika lao la taka lenye madeni mahakamani ili lilindwe dhidi ya wadai huku likipanga kulipa. ATAC, yenye deni la takriban euro bilioni 1.3, ikapelekwa njia hiyo hiyo Septemba 2017. Wadai walikubali mpango Januari 2019 na mahakama ikauidhinisha mwaka huo huo. Unaweza kupinga uamuzi wenyewe. Wapo waliotaka shirika liuzwe. Lakini huo ulikuwa utawala: mtu aliyewahi kufanya jambo mahali padogo amelifanya mahali pakubwa. Tatizo ni kwamba chama hakikuwa na akina Lemmetti wa kutosha, na swali langu ni kwa nini.

Jibu liko Parma.

Mei 2012 Parma, mji wa wastani kaskazini mwa Italia, ilimchagua Federico Pizzarotti, fundi wa kompyuta katika benki, kuwa meya. Duru ya kwanza alikuwa nyuma sana. Duru ya pili akashinda kwa asilimia 60 dhidi ya mwanasiasa mzoefu aliyekuwa akiongoza jimbo la Parma, ngazi iliyo chini ya mkoa. Mji ulikuwa umezama katika madeni na ulikuwa chini ya kamishna wa serikali baada ya utawala uliopita kuanguka. Magazeti ya taifa yalimkejeli kwa kuchelewa kuunda timu yake na kwa kukaribisha wananchi watume wasifu wao wa kazi. Ahadi iliyomwingiza madarakani ilikuwa kuzuia tanuri la kuchomea taka la Ugozzolo. Alipofungua mafaili alikuta mradi umesainiwa zamani, ujenzi umefika mbali, na kuuvunja kungemaanisha fidia ambayo mji uliofilisika usingeweza kuilipa. Tanuri likawashwa 2013. Grillo hakumsamehe.

Pizzarotti akaendelea na kazi isiyopigiwa makofi. Akapunguza deni. Akabana matumizi, akawakasirisha wengi. Mei 2016, mwezi mmoja tu kabla ya ushindi wa Roma, Vuguvugu lilimsimamisha uanachama kwa sababu hakutangaza kwamba alikuwa akichunguzwa kuhusu uteuzi katika jumba la opera la mji. Uchunguzi ulifungwa Septemba bila mashtaka. Oktoba akajiondoa mwenyewe, na mwaka 2017 wananchi wa Parma wakamrudisha umeya bila chama.

Hesabu hapo inaniuma kama mwalimu wa fani hii. Mwezi ule Roma ilipokuwa haina mkuu wa bajeti, mtu wa Vuguvugu aliyekuwa amekaa miaka 4 akiunyoosha mji wenye madeni alikuwa amewekwa nje ya mlango. Kosa lake la asili lilikuwa kugundua kwamba ahadi moja haitekelezeki, na kulisema hilo hadharani.

Kanuni za chama zilisukuma upande huo huo. Hakuna aliyeruhusiwa kuchaguliwa zaidi ya mara mbili, iwe udiwani au ubunge. Kila mwanachama alihesabiwa kuwa sawa na mwingine, na wagombea walipatikana kwa kura za mtandaoni. Nia ilikuwa njema: kuzuia siasa isigeuke ajira ya kudumu. Ila mtu huhitaji muhula mmoja kuelewa jinsi bajeti inavyopita na jinsi katibu wa wizara anavyoweza kukuzungusha kwa heshima zote. Muhula wa pili anaanza kuzaa matunda. Kisha anaambiwa aende nyumbani.

Machi 2018 Vuguvugu lilipata karibu asilimia 33 ya kura za taifa na kuunda serikali na Lega, chama cha mrengo wa kulia. Waziri mkuu akawa Giuseppe Conte, profesa wa sheria ambaye hakuwahi kugombea kiti chochote. Uchumi ukapewa Giovanni Tria, profesa mwingine asiye mwanachama. Hilo peke yake lilikuwa ungamo: viti viwili vya juu kabisa, na chama hakina wa kuvikalia kutoka ndani. Bajeti yao ya kwanza ilirudishwa na Tume ya Ulaya Oktoba 2018, jambo ambalo Tume haikuwahi kuifanyia nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na nakisi iliyopangwa, yaani matumizi yanayozidi mapato, ikashushwa kutoka asilimia 2.4 hadi 2.04 ya pato la taifa.

Sera yao kubwa, posho ya raia kwa kaya maskini, ilifuata mkondo ule ule. Mswada wake walikuwa nao bungeni tangu 2013, kwa hiyo haikuwa sera ya kukurupuka, na nilipousoma nilikuta ni kazi ya watu waliofikiri. Fedha zilianza kulipwa Aprili 2019 na zikafikia zaidi ya kaya milioni 1. Familia zile zilikula, na janga la korona lilipoingia zilikuwa na pa kushika. Anayesema posho ile ilikuwa bure hajawahi kuhesabu mwisho wa mwezi. Lakini nusu ya pili ya ahadi, kumtafutia mpokeaji kazi, ilitegemea vituo vya ajira, na vituo hivyo Italia viko chini ya serikali za mikoa. Serikali kuu iliajiri washauri wa ajira wapatao 3,000 kwa mikataba ya muda, kisha ikawa inajadiliana na kila mkoa ili wapokelewe. Mkoa wa Campania, wenye wapokeaji wengi kuliko mingine, ulikataa kwa miezi kusaini. Fedha zilitangulia, watu wakafuata wakiwa wamechelewa, na wapinzani wakapata hoja waliyoitumia hadi posho ikafutwa mwishoni mwa 2023. Sera nzuri ilizikwa na jambo ambalo ofisa yeyote wa mkoa angeweza kuwaambia kwenye kikao cha kwanza.

Ndiyo maana nikiulizwa leo kuhusu chama chochote cha namna hii, kwa mfano Reform ya Uingereza ambayo Mei 2025 ilitwaa mabaraza 10 ya mitaa, sipotezi muda kuhesabu nani aliwahi kuwa waziri. Naangalia madiwani wale. Atakayeingia na ahadi ya kubana matumizi, akakuta sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye matunzo ya wazee na watoto wenye mahitaji maalumu ambayo sheria inamlazimisha kuyalipia, kisha akarudi kwa wapiga kura na kusema hivyo, je, chama chake kitampandisha au kitamfukuza?

Roma ilimwondoa Raggi Oktoba 2021. Alishika nafasi ya nne duru ya kwanza. Vuguvugu lenyewe mwaka 2022 likashuka hadi asilimia 15, na katika uchaguzi huo Roberto Fico, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa zaidi ya miaka 4, hakuruhusiwa kugombea kwa sababu mihula yake miwili ilikuwa imekwisha. Mwishoni mwa 2024 wanachama walipiga kura kuibadilisha kanuni hiyo na kumvua Grillo cheo chake cha mlezi wa chama. Novemba 2025 Fico alichaguliwa kuwa rais wa mkoa wa Campania, na sasa vile vituo vya ajira viko chini yake.