Mpango wa matumizi ya bahari ni nini?

Mpango wa matumizi ya bahari ni utaratibu wa kiserikali unaoeleza nani afanye nini baharini, wapi, majira gani na kwenye kina kipi. Kina ndicho kinachoutenganisha na mpango wa ardhi. Mahali pale pale meli hupita juu, wavu wa jarife huning'inia katikati ya maji, na kebo ya intaneti imelala chini.

Tazama Dar es Salaam. Meli huingia bandarini kupitia mlango mwembamba, na pantoni ya Magogoni na Kigamboni hukatiza njia hiyo hiyo, jirani na soko la samaki la Feri. Meli za mafuta hushusha kwenye boya la Mjimwema. Kebo za SEACOM na EASSy zinatua pwani hiyo hiyo. Kaskazini, visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na Mto Msimbazi unamwaga tope na taka za jiji.

Kazi huanza kwa kuchora matumizi yaliyopo, na hapo ndipo mipango mingi huharibika. Meli kubwa hubeba mtambo unaotangaza mahali ilipo, ngalawa haina. Ukichora kwa takwimu za mitambo hiyo pekee, maji ya wavuvi yataonekana matupu, kisha atapewa mwingine. Huo ni unyang'anyi, hata kama hakuna aliyeukusudia. Kaa na vikundi vya BMU, yaani vikundi vya kijamii vinavyosimamia uvuvi wa pwani yao, uliza kuhusu kusi na kaskazi (majira ya upepo wa kusini na wa kaskazini) kila moja kivyake, bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapobadilika kidogo) pia. Waulize na wanawake wanaokwenda pwani kuokota pweza na chaza maji yakitoka: hawana chombo, hawamo kwenye orodha ya leseni za vyombo, lakini mwamba ule ndio shamba lao.

Kisha kila tumizi hupambanishwa na lingine. Matumizi 8 yanatoa jozi 28, na kila jozi ijibiwe: yanakaa pamoja, yanapishana kwa saa au msimu, au hayapatani kabisa? Usisahau yanayogombana kwa mbali. Mkondo wa pwani hii huenda kaskazini, na kusi huuzidishia nguvu. Tope la kuchimba bandari likimwagwa kusini mwa matumbawe, laweza kuyafikia.

Mpaka ukishakubaliwa uonekane kutoka ndani ya chombo. Namba za latitudo hazimsaidii mvuvi asiye na GPS, ambaye hulenga kwa kupanga mnara na mnazi katika mstari mmoja. Tumia alama za nchi kavu zinazodumu, maana jijini ghorofa jipya laweza kuziba mnazi ule. Pasipo na alama, weka maboya. Mnyororo wa boya huliwa na kutu na kusagwa na mchanga. Ukikatika, boya huchukuliwa na maji na hakuna ajuaye tena mpaka ulipokuwa. Bajeti iwe na fungu la mzamiaji wa kukagua minyororo kila kusi inapokwisha.