Je, wajua kwa nini kigari cha gofu ni kichwa ngumu kukikatia bima kuliko gari lako?

Mjomba wangu anaishi huku upande wa Kiambu Road, kwa ile mitaa yenye geti, lami yao wenyewe na matuta yao wenyewe, na mwaka jana akanunua kigari cha gofu cha mtumba. Gofu yenyewe anacheza Jumamosi mojamoja lakini kigari anakiendesha kila siku, mara anapeleka wajukuu kuogelea, mara anafuata mboga getini, na jioni anatoka nacho nje hadi kwa kioski kununua maziwa. Siku ya kutafuta bima akampigia broka wake akijua ni maneno ya dakika tano, akaulizwa kitu kimoja tu: "Mzee, hicho kigari huwa kinafika wapi?" Mjomba akacheka, akadhani ni mzaha.

Si mzaha, hapo ndo mambo yote yako. Gari likikatiwa bima watu huuliza ni la mwaka gani na thamani ngapi, lakini kigari cha gofu kwanza wanataka kujua kinakanyaga wapi, manake bima ya gari inafuata barabara. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inasema ukiendesha chombo cha mota barabarani lazima uwe na bima ya kulipa mtu mwingine akiumia au akifa kwa sababu yako, ile tunaita thadi pati, na kiwango chake ni hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Alafu ukidhani barabara ni Thika Road peke yake, sheria ya trafiki imeitandaza hadi maegesho na vijia ambavyo umma unaingia. Kwa hivyo katikati ya uwanja wa gofu uko sawa, lami ya ndani ya mtaa mnaweza kubishana kulingana na nani anaruhusiwa kupita pale getini, lakini kwa kioski ya maziwa hakuna ubishi, hapo mzee yuko barabarani bila namba pleti.

Wamarekani walijaribu kuchora mstari mwaka 1998. Kigari cha kwenda zaidi ya kilomita 32 kwa saa hadi 40 hivi walikipa jina lake, gari la mwendo mdogo, kinatakiwa kiwe na mikanda, taa, vioo na namba ya chasi. Kuna mji unaitwa Peachtree City, kule Georgia, watu wanaenda shule na sokoni na vigari vya gofu kwa njia zao maalum. Sawa, lakini polisi akikusimamisha Kiambu Road usimletee habari za Georgia.

Mjomba akasema basi si kuna bima ya nyumba. Ipo, na ni nzuri kwa moto na wezi, ila ukisoma yale maandishi madogo utakuta mara nyingi vyombo vya mota vimetolewa. Akasema pia ana bima ya mcheza gofu. Hiyo nayo inashughulikia fimbo zikiibiwa, mpira wako ukimpasua mtu kichwa, hata bili ya baa ukitumbukiza mpira shimoni kwa pigo moja na kilabu nzima ikadai vinywaji (naipenda hiyo sana), lakini kigari usidhani kimo mpaka ukione kimeandikwa. Bima tatu, na kila moja inamsukumia mwenzake.

Mjomba wasiwasi wake ulikuwa wizi, na simlaumu, vigari vingi vya modeli moja huwashwa na ufunguo mmoja, wa jirani unaweza kuwasha chako. Mimi niliogopa kitu kingine. Siku moja nilikaa kulia kwake, akakata kona ya kushoto bila kupunguza mwendo, hakuna mlango, hakuna mkanda, nikajikuta nimening'inia kwa nguzo ya paa mguu mmoja nje. Vingi vya hivi vigari vina breki za nyuma tu, na betri peke yake, ukihesabu sita za risasi na asidi, kila moja inakaribia kilo 30. Sasa weka huo mzigo kwa mteremko wa mvua ya Aprili na mtoto wa jirani kwa baiskeli huko chini. Kigari kikiibiwa unajua umepoteza ngapi, ukimvunja mtu mguu hujui bili itasimama wapi. Kwa hivyo nikamwambia anza na ile ya kulipa watu wengine, iandikwe wazi kwamba inahesabika ndani ya mtaa na uwanjani, alafu ndo uongeze wizi, moto na kugongwa. Betri ikichoka yenyewe usipige simu, kuchakaa hakulipwi.

Na thamani usiibane ili ulipe kidogo. Tuseme kigari ni cha 800,000 ukaandika 400,000, kikapata hasara ya 100,000, kampuni inaweza kukwambia ulikuwa umekikatia nusu basi shika 50,000, na hapo bado hawajatoa eksesi, ile sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe.

Kilichotusumbua mwisho ni kipengele cha madereva. Mjukuu wa miaka 13 amezoea kukiendesha, na akigonga mtu hiyo kleimu imekufa hapo hapo. Yule kijana wa shamba naye ana leseni, sawa, lakini yeye akiumia kazini hiyo inaenda kwa bima ya wafanyakazi, sheria ya 2007, haihusiani na hii. Mjomba akanung'unika, akaandika jina lake na la shangazi tu. Kwa sehemu ya matumizi akajaza "ndani ya mtaa na uwanja wa gofu", akatia sahihi, akalipa na zile shilingi 40 za ushuru wa stempu.

Siku hizi maziwa anafuata kwa miguu, na kigari anakiacha pale ndani ya geti, askari akikichunga.